Wavu wa matundu madogo kwa farasi mwenye tumbo korofi: nyota 4

Huu wavu, yaani mfuko wa kamba unaojaza nyasi kavu farasi akazivuta kidogokidogo kwenye matundu, nimeutumia muda wa kutosha sasa kuweza kuusemea. Farasi wangu ni wale wa kusokotwa tumbo kila mara, leo mzima kesho anaparura ardhi kwa kwato, anageuka kutazama ubavu, mavi hakuna, daktari wa mifugo anaitwa usiku. Shida yake alikuwa anafagia nyasi kavu zote harakaharaka afu anakaa tumbo tupu hadi asubuhi, na tumbo la farasi halikuumbwa kwa hivyo jamani, asidi inamwagika humo saa 24 awe anakula asiwe anakula, na kinachoipunguza makali ni mate, na mate hayatoki asipotafuna.

Kwa hilo wavu unafanya kazi kweli. Nyasi zilizokuwa zinaisha jioni mapema sasa zinafika usiku sana, na mavi yanatoka vizuri, si yale makavu ya kutia wasiwasi.

Ila saizi ya matundu ndo kila kitu. Chukua ya sentimita 4 kwanza. Ukirukia vile vitundu vidogo kabisa farasi anapandwa hasira, anang'ata kamba anavuta, wengine wanasusa, na wa msokoto akisusa chakula hapo ndo balaa zaidi kuliko kula haraka. Siku za mwanzo mwagia na nyasi nyingine chini pembeni ili ajifunze bila njaa.

Kuujaza ni kazi ya jasho, nyasi zinakuingia hadi kwenye soksi. Kamba ya kufungia mdomo wa wavu ilikatika mapema mno na muuzaji akajifanya hasikii, nyota moja imeenda hapo. Na kama farasi wako amevaa viatu vya chuma usiulaze chini, kwato inanasa, uning'inize juu kiasi kwamba hata ukibaki mtupu haufiki magotini.

Kitu kingine nimekipenda, unauchovya mzima kwenye pipa la maji kabla ya kuning'iniza. Vumbi linapungua na maji yanaingia naye akila, maana farasi wengi wanaoziba tumbo ni wale wasiokunywa vya kutosha (kwa siku anataka kama lita 25 hadi 50, joto likipanda zaidi). Mabaki yaliyolowa tupa, yakichacha ni msokoto mwingine huo.

Sasa wanaoandika eti wavu unatibu msokoto wanawauzia watu maneno. Farasi wa kilo 500 bado anataka kilo 7.5 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku, wavu unazirefusha tu, hauziongezi. Na kama bado unammwagia ndoo ya nafaka kwa mkupuo, wanga unapita haujameng'enywa unaenda kuchachuka kwenye utumbo mpana, gesi inajaa, na farasi hatapiki, kilichoingia lazima kitokee nyuma! Usivuke kilo 2 kwa mlo mmoja, kwa tumbo korofi mi hata robo ya hiyo naogopa. Nyasi mpya nazo changanya na za zamani kidogokidogo kwa wiki moja hadi mbili.

Mwenye farasi mzee wa meno mabovu asinunue kabisa, atavuta nyasi atazitema vibonge vibonge, huyo mpe vile vipande vya lusini (majani ya mifugo, alfalfa) vilivyoshindiliwa, viloweke mpaka viwe uji, na meno yakaguliwe.