Hyper 212 EVO kwa kompyuta ya 2011: inapofaa na isipofaa hapa Dodoma

Mwenye prosesa ya Core i5-2500K au i7-2600K juu ya mazabodi (ubao mkuu) yenye chipseti ya P67, Z68 au Z77, anayetaka kuiongezea kasi kupita ya kiwandani, anunue kipozeo cha prosesa cha Cooler Master Hyper 212 EVO bila kusitasita. Mwenye Dell OptiPlex ya mtumba iliyotoka ofisini, na hao ndio wengi kuanzia Area C mpaka Nkuhungu, asinunue; pesa yake ina kazi nyingine ndani ya kesi ileile. Kinachowatenganisha hao wawili ni rula na bayosi, yaani programu ya mazabodi inayopanga kasi na volti za prosesa.

Rula kwanza. Kipozeo hiki ni mnara wa milimita 159. OptiPlex 7010 ya tawa (kesi ya kusimama) ina upana wa milimita 175, nje kwa nje. Ukitoa unene wa bati, vishikizo vya mazabodi, mazabodi yenyewe na soketi, mnara hauingii na mfuniko wa pembeni haufungi. Laza kompyuta, simamisha rula juu ya prosesa, soma mpaka usawa wa mfuniko. Ikiwa chini ya milimita 162, acha. Halafu bayosi: mashine hizo zina chipseti ya Q77 na mara nyingi prosesa isiyo na herufi K, kama i5-3470, ambayo kizidisho chake (namba inayozidishwa na saa ya msingi kutoa kasi) kimefungwa. Saa ya msingi ya megahezi 100 nayo haisaidii, kwa sababu kwenye kizazi hiki ndiyo inayoendesha PCI Express na SATA pia. Ukivuka 103 hadi 105 diski huanza kupotea kabla prosesa haijaongeza lolote la maana. Mashine ya namna hiyo inahitaji usafi, pesti mpya ya kupitisha joto kati ya prosesa na kipozeo, na diski ya SSD, basi.

Sasa kipozeo chenyewe. Ni mapezi ya alumini yaliyopitiwa na mabomba manne ya shaba ya milimita 6. Kwa chini mabomba yamesuguliwa yakawa bapa na yanagusa prosesa moja kwa moja. Feni ni moja ya milimita 120, ya pini nne, mizunguko 600 hadi 1,600 kwa dakika. Uzito wote ni kama gramu 580. Kikubwa kwetu ni hiyo feni: ni ya kipimo cha kawaida na imeshikwa kwa klipu za plastiki, kwa hiyo ikichoka unaweka yoyote ya milimita 120 yenye unene wa 25. Huko ndiko kipozeo hiki kinawashinda vile vya maji. Pampu ya kipozeo cha maji kilichofungwa kiwandani ikifa hakuna spea, na maji yake hupungua taratibu kupitia kuta za mipira hata kama hakivuji. Kwa kompyuta yenye umri zaidi ya miaka 10, nunua kitu ambacho fundi wa hapa anaweza kukirudisha kazini.

Dodoma ina mambo mawili yasiyoandikwa kwenye boksi. Mji uko kama mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10 kuliko ya Dar es Salaam. Feni husukuma ujazo uleule, lakini hewa inayobeba joto ni kidogo zaidi. La pili ni Oktoba na Novemba, miezi ya joto kali kabla ya mvua. Chumba cha bati lisilo na dari alasiri kinaweza kuwa na nyuzi kadhaa zaidi ya kivulini nje, na kila nyuzi inayoongezeka chumbani huongezeka kwenye prosesa pia, karibu moja kwa moja. Ukijaribu mashine Julai saa moja asubuhi ukaiona imetulia nyuzi 70, usijidanganye. Pima saa tisa alasiri, kompyuta ikiwa mahali inapokaa siku zote, mfuniko umefungwa.

Kwa hiyo hesabu ya kasi hapa ni lazima iwe ya kiasi. Joto linalozalishwa na prosesa hupanda sawia na kasi, lakini kwa mraba wa volti. Chukua 2500K ya gigahezi 3.3 kwa volti 1.20. Ukiipeleka 4.5 kwa volti 1.35, umeongeza kasi kwa asilimia 36 na joto kwa asilimia 73. Ukiishia 4.2 kwa volti 1.25, umeongeza kasi kwa asilimia 27 na joto kwa asilimia 38 tu. Hyper 212 EVO ina uwezo wa kuibeba 4.5 chumba kikiwa baridi. Kwa Dodoma, 4.2 ndiyo namba ya kuishi nayo mwaka mzima, na feni haitapiga kelele. Anayetumia i7-2600K ategemee joto zaidi kidogo kwa kasi ileile. Mwenye i5-3570K ajue kwamba ndani ya kofia yake ya chuma Intel waliweka pesti badala ya lehemu, ndiyo maana inapata moto haraka ingawa inakula umeme mdogo kuliko 2500K. Hakuna kipozeo cha juu kitakachoondoa kasoro iliyo chini ya kofia.

Ufungaji ndio sehemu mbaya ya bidhaa hii, na lazima isemwe. Mazabodi inatoka yote kwenye kesi, isipokuwa kesi yenye dirisha nyuma ya soketi. Bamba la nyuma lina matundu ya saizi tatu kila kona. Soketi ya prosesa hizi, LGA1155, ni tundu la katikati, milimita 75 kutoka skrubu hadi skrubu. Ukikosea tundu moja tu, skrubu ya nne haitafika, na watu huilazimisha mpaka uzi unakatika. Kisha unakuja mkono wenye umbo la X, unaopita kati ya mabomba. Huo hucheza. Kipozeo huzunguka juu ya pesti kabla hakijabanwa, pesti inahamia upande mmoja, na hapo ndipo malalamiko mengi ya “kipozeo kibovu” huzaliwa. Mtu wa pili akishike wima kwa mikono miwili. Wewe funga skrubu kwa kukingamana, kona hii kisha ile inayoitazama, mizunguko miwili miwili, mpaka zote zifike mwisho. Usimalize moja kabla ya nyingine.

Kabla ya hapo, pesti ya zamani iondolewe kwa kitambaa kisichoacha nyuzi na spiriti nyeupe ya duka la dawa. Ya asilimia 70 inafaa, ila ina maji, acha dakika kadhaa ikauke. Ile ya zambarau ya majiko ina rangi inayobaki. Pesti mpya, kwa mfano Arctic MX-4, iwekwe mistari miwili myembamba juu ya mabomba mawili ya katikati, kwa sababu silikoni ya prosesa iko katikati ya kofia. Usipake kama siagi kwenye mkate. Feni ielekee kusukuma hewa nyuma, penye feni ya kutolea. RAM zenye kofia ndefu huigonga. Sogeza feni juu kwenye klipu milimita chache.

Kwenye bayosi: kizidisho 42 kwa viini vyote vinne, saa ya msingi 100, volti 1.25 isiyobadilika kwa majaribio. Endesha Prime95, programu ya kuipa prosesa kazi nzito, jaribio la FFT ndogo (Small FFTs), nusu saa, HWiNFO inayoonyesha joto ikiwa wazi pembeni. Ikivuka nyuzi 80, zima na urudi nyuma. 2500K na 2600K hujipunguza kasi zenyewe kwenye 98, lakini hakuna haja ya kuzifikisha huko.

Hapo sasa angalia namna joto linavyopanda, maana mchoro huo unasema zaidi kuliko namba ya mwisho. Likiruka kutoka 38 hadi 90 ndani ya sekunde mbili, kipozeo hakijagusa vizuri: pesti imehama au skrubu moja haijafika. Usiguse feni za kesi, rudi kwenye skrubu. Likipanda polepole robo saa nzima bila kutulia, mguso ni mzuri, hewa ya ndani ya kesi ndiyo inayozunguka palepale bila kutoka. Fungua mfuniko. Likishuka nyuzi 8 au 10 mara moja, umeshapata jibu. Likiwa chini ya 75 na kompyuta ikaganda au kuleta skrini ya bluu yenye 0x101 au 0x124, mara nyingi volti haitoshi: ongeza 0.01 kwa wakati, usiruke. Tazama pia kumbukumbu za Windows (Event Viewer), tukio namba 19 la WHEA-Logger. Linaonyesha makosa yaliyosahihishwa kimyakimya, dalili kwamba kasi haijakaa sawa hata kama hakuna kilichoganda.

Ikizima ghafla kama imechomolewa, bila skrini yoyote, shuku pawa saplai. Wakati Prime95 inaenda, weka ncha nyeusi ya mita ya umeme kwenye waya mweusi na nyekundu kwenye waya wa njano wa plagi ya diski. Inatakiwa kati ya volti 11.4 na 12.6. Ikishuka chini ya hapo, badilisha pawa saplai nzima. Usiifungue, kapasita zake hubaki na chaji baada ya kuchomolewa. Na kama kila umeme unapokatika mipangilio ya bayosi inapotea na saa inarudi nyuma, ni betri ya CR2032, kitu cha dakika moja.

Vumbi ndilo litakaloamua kama umenunua vizuri. Vumbi letu la kiangazi ni laini kama unga na huingia hata pasipo na tundu la kuonekana. Uzuri ni kwamba mapezi ya EVO yameachana vya kutosha, hayazibi haraka kama kipozeo kidogo cha Intel. Hata hivyo, ukivua feni baada ya miezi mitatu utakuta utepe wa vumbi umelala kwenye ukingo wa mapezi, upande ule feni inaposukuma, kama blanketi jembamba linaloweza kubanduliwa kwa kucha. Utepe huo unazuia hewa kuliko vumbi lote lililotapakaa chini ya kesi. Neti ya mbu mbele ya kesi haisaidii, matundu yake ni makubwa. Stokingi nyembamba iliyovutwa juu ya feni ya kuingizia hunasa vizuri, ila ifuliwe kila wiki mbili, la sivyo inakuwa ukuta. Feni za kuingiza ziwe mbili na ya kutoa moja, ili hewa ivuje kwenda nje kupitia mianya badala ya kuvuta vumbi ndani.

Tafadhali usipeleke mashine kwa fundi pancha kupulizwa. Tangi la kompresa lake lina maji chini, na presha ile huchomoa vipande vidogo kwenye mazabodi. Tumia bloa ya umeme kwa umbali wa shibiri moja, na shika mapanga ya feni yasizunguke.

Anayeagiza kompyuta nzima kutoka Kariakoo ikiwa na mnara huu umefungwa, amwombe muuzaji auvue na kuufunga peke yake. Gramu 580 zinazoning'inia kwenye mazabodi kwa safari nzima ya basi zinaweza kufika stendi ya Nane Nane zikiwa zimepindisha mazabodi penye soketi. Asipokubali, kesi isafirishwe imelala ubavu, mnara ukitazama juu.

Mara moja kwa mwaka, kabla ya Oktoba, vua mnara wote. Feni iweke kando, chuma kioshe kwa maji na sabuni ya vyombo, kung'ute, kianike juani siku nzima. Ukirudishia, weka pesti mpya.