Seti ya mkanda na tenshena kwa vani ya zamani: uzoefu wangu

Vani yangu imekula umri. Kila nikiiwasha asubuhi mkanda wa injini ulikuwa unapiga mlio wa kupasua masikio, unapungua injini ikipata moto, kisha unarudi nikikata usukani hadi mwisho. Nimefunga seti kamili, yaani mkanda mpya, tenshena (mkono wa springi unaokaza mkanda) na puli ya kati (gurudumu dogo linaloongoza mkanda), na mlio umekwisha kabisa. Naipendekeza kwa moyo wote, lakini pima kwanza ndipo ununue.

Kipimo chenyewe ni chupa ya kupulizia maji. Injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa mafuta, weka mikono na nguo mbali na feni, kisha puliza kidogo upande wa mkanda wenye mifereji. Mlio ukinyamaza halafu ukarudi baada ya muda mfupi, mara nyingi puli hazijakaa kwenye mstari mmoja. Ukizidi, mkanda unateleza kwa kukosa mkazo. Wangu ulizidi.

Nikazima injini, nikatoa mkanda na kuzungusha puli moja moja kwa mkono. Alteneta, ile inayochaji betri, ilizunguka laini, pampu ya stelingi vilevile. Puli ya kati ilikwaruza, na nilipoitikisa ikacheza: beringi imekufa. Mkono wa tenshena nao ulirudi kivivu, springi imechoka. Ningefunga mkanda peke yake, ungelia tena.

Mkanda wa zamani haukuwa na ufa hata mmoja, na hapa ndipo wengi hudanganyika. Mikanda ya siku hizi ya EPDM, aina ya mpira, haipasuki upesi kama ile ya zamani ya mpira wa neoprini. Inalika taratibu kama tairi. Mifereji inapanuka, mkanda unazama kwenye puli na kushindwa kubana. Pitisha kidole uone ulivyolika, usitafute nyufa tu.

Dawa ya kupuliza kwenye mkanda siipendekezi. Inanyamazisha kwa muda, kisha inakamata vumbi, na ugonjwa unabaki palepale. Kwenye gari langu mkanda huohuo unazungusha na pampu ya maji, kwa hiyo ukikatika njiani chaji inakufa, usukani unakuwa mzito na injini inachemka. Si jambo la kufunika kwa dawa.

Malalamiko yangu kwa seti hii ni mawili: haina bolti mpya ya tenshena, na haina mchoro wa njia ya mkanda. Piga picha kabla hujaufungua.

Kama vani yako ni ya zamani zaidi, ile inayokazwa mkanda kwa kusogeza alteneta, huhitaji seti hii. Mkanda ukiwa bado mzima, legeza bolti, vuta alteneta na ukaze upya hadi mkanda, ukiubonyeza katikati ya sehemu ndefu, ubonyee kama sentimita 1. Usikaze kupita hapo, utaua beringi za alteneta.