Macho yamevuka 40: ununue kilengeo kipi cha nukta nyekundu?

Nyie mnaoishi Marekani na wikendi mnapenda kwenda renji (uwanja wa kulenga shabaha), hasa mliovuka arobaini, hii ni yenu. Kilengeo cha nukta nyekundu ni kile kioo kidogo juu ya bunduki au bastola kinachokuonyesha nukta ya mwanga pa kulenga. Swali linalokuja kila mara ni moja, nichukue nukta ya MOA 2 au ya MOA 6 (MOA ni kipimo cha pembe, kinaonyesha ukubwa wa nukta), na ndani yake kuna wasiwasi kwamba nukta kubwa itafunika shabaha risasi ziende ovyo. Mimi nasema ukubwa wa nukta mnausumbukia bure. Kinachowaangusha watu wa umri wetu ni nukta iliyowashwa mwanga mkali kupita kiasi, na macho ambayo hayajapimwa miaka.

Hesabu tumalizane nayo haraka. MOA 1 ni kama inchi 1 kwenye yadi 100, kwa hiyo nukta ya MOA 2 inafunika inchi 2 kwa yadi 100 na inchi 1 kwa yadi 50. Kwa bastola kwenye yadi 10, hata ile ya MOA 6 inafunika nusu inchi na kidogo tu, haya niambie nani hapa anapiga tundu la nusu inchi kwa bastola amesimama? Na hata kwa yadi 100 hauhitaji kuona kilicho chini ya nukta, jicho linajua sana kuweka kitu cha duara katikati ya duara kubwa zaidi, so chukua karatasi yenye duara la inchi 6 au 8, kalisha nukta katikati, piga. Wapo wanaorekebisha bunduki ipige kwenye ukingo wa juu wa nukta halafu shabaha wanaikalisha juu yake, inafanya kazi, ila ukiongeza mwanga nukta inavimba machoni na ule ukingo unahama nao.

Sasa macho. Vilengeo vya chuma, vile vya kawaida visivyo na kioo, vinataka uone vizuri kile cha mbele, ambacho kiko umbali wa mkono tu, na hapo ndipo macho ya arobaini na kitu yanapogoma maana lenzi ya jicho imeshakuwa ngumu. Nukta nyekundu mwanga wake unafika jichoni kama unatoka mbali, unaangalia shabaha basi, ndiyo maana wazee wengi wanahamia huku. Mwenye miwani ya progresivu atazame kwa sehemu ya juu, ile ya kuonea mbali, na kama kwa bastola ulishazoea kuinua kidevu ili uone chuma kwa sehemu ya kusomea, tabia hiyo uiache, ndiyo inayokuchafulia nukta.

Halafu kuna astigmatizimu, yaani uso wa jicho haujapinda sawasawa. Ukiwa nayo nukta unaiona ina mkia, au imetawanyika kama kichala cha zabibu, na unaanza kulaumu kilengeo. Kabla hujarudisha dukani, ipige picha nukta kwa simu kupitia kile kioo. Kwenye picha ni duara safi? Basi ni jicho. Au kizungushe kilengeo mkononi, mkia ukizunguka nacho tatizo ni lake, ukibaki palepale tatizo ni lako. Nenda kwa daktari wa macho kwanza, miwani ya astigmatizimu peke yake inaweza kukuokolea hela ya kilengeo kipya.

Haya orodha yangu, kuanzia ninayoipenda zaidi kwa mwenye astigmatizimu.

Namba 1, prizimu ya 1x (yaani haikuzi shabaha), mfano Primary Arms MicroPrism. Hapa alama imechongwa kwenye kioo chenyewe, haitegemei taa, betri ikifa alama nyeusi bado unayo, na kikubwa zaidi kuna pete ya kuzungusha nyuma unairekebisha mpaka alama iwe kali kwa jicho lako. Kwa astigmatizimu sijaona kitu kinachoipita kwa bei hiyo, dola mia mbili na kitu hadi mia tatu hivi. Ubaya wake ni kwamba jicho lazima likae karibu na mahali pake, ukikaa mbali sana picha inaanza kuzibwa, kwa hiyo ni ya bunduki ndefu, bastola sahau.

Namba 2, nukta yenye duara, kama Holosun 507C, ina nukta ya MOA 2 na duara la MOA 32, unachagua utumie kipi. Hata duara likitawanyika kidogo, jicho linapata katikati yake lenyewe. Ipo ya kijani pia, na kuna watu kijani wanaiona safi kuliko nyekundu, wengine wala, jaribuni zote mbili dukani.

Namba 3, EOTech, ya holografu (alama yake inachorwa kwa leza), pete ya MOA 68 na kinukta cha MOA 1. Baadhi ya wenye astigmatizimu wanaiona safi, wengine wanaona chengachenga. Betri inaenda masaa mia kadhaa hadi elfu mbili na kitu tu, kutegemea modeli, na bei inapita dola mia tano, hapo roho inauma.

Namba 4, zile za kawaida za MOA 2, Sig Romeo5 kwa mwenye bajeti, Aimpoint PRO kwa anayetaka ya kudumu, betri yake masaa 30,000. Hao Aimpoint ni Waswidi, ndio walioanza biashara hii mwaka 1975. Kama jicho lako ni safi, hii ipandishe mpaka namba 1, sina ubishi.

Namba 5, nukta kubwa, mfano Trijicon RMR ya MOA 6.5. Ingekuwa orodha ya bastola tu ningeiweka ya pili, kwa sababu kubwa iliyofifishwa inaonekana haraka kuliko ndogo inayowaka.

Na hilo la kufifisha ndilo la bure. Punguza mwanga mpaka nukta ipotee kwenye shabaha, ongeza ngazi moja, acha hapo. Kama bunduki ina kile cha chuma cha nyuma chenye tundu, kiinue uchungulie nukta kupitia tundu, mkia unapungua saa hiyohiyo. Kikuzaji cha 3x, kile kinachokaa nyuma ya kilengeo na kukuza mara tatu, msikikimbilie kwa ajili ya hili, kinakuza shabaha na nukta lakini jicho linabaki lilelile.

Nunueni duka linalokubali kurudishiwa bidhaa, maana jicho la mwenzako siyo lako. Na wale wa kumbebea mjomba zawadi kwenye begi la kwenda Dar au Nairobi, vilengeo vya bunduki vimo kwenye sheria za Marekani za kusafirisha bidhaa nje, ulizeni kibali kabla ya kufika uwanja wa ndege.