Projekta ilivyoimeza klarineti

Kazi yangu ni taa za jukwaani, kwa hiyo kwenye onyesho lolote macho yangu hutangulia masikio. Safari hii masikio ndiyo yaliyonikera. Kundi silitaji, maana wapigaji walipiga vizuri mno. Walioharibu ni wenzangu wa vifaa.

Zilipigwa kazi mbili. Ya kwanza ilikuwa *Vox Balaenae* (Sauti ya Nyangumi) ya Mmarekani George Crumb, ya mwaka 1971: fluti, chelo (fidla kubwa) na piano, vyote vikipitishwa kwenye vipaza sauti. Aliitunga baada ya kusikia sauti za nyangumi zilizorekodiwa. Humo mpiga fluti huimba huku akipuliza, na chelo hulia kama shakwe. Maelekezo ya jukwaa ni ya mtunzi mwenyewe: wapigaji wavae barakoa nyeusi za nusu uso, na mwanga uwe wa buluu iliyokoza. Mbunifu akatii, hakuongeza kitu. Hata vitaa vya kusomea nota vilivishwa karatasi ya buluu. Mimi mwenyewe huwa navisahau, kisha vinamulika videvu vya watu usiku kucha. Mwishoni kuna kijisauti kinachorudiwa, kila mara kikififia zaidi, na mara ya mwisho wapigaji huigiza tu kwa mikono, bila sauti. Nilijikuta nimebana pumzi. Jirani yangu pia, nadhani. Hata kiti chake hakikulia.

Baada ya mapumziko ikaja *Quatuor pour la fin du temps* (Kwateti ya Mwisho wa Wakati) ya Mfaransa Olivier Messiaen, ile iliyopigwa mara ya kwanza Januari 15, 1941, mbele ya wafungwa wa vita katika kambi ya Wajerumani. Messiaen alisema akisikia sauti huona rangi, na hapo ndipo wabunifu wengi huponzwa. Wakashusha skrini nyuma ya wapigaji na kuijaza zambarau, machungwa, kisha makundi ya ndege wakiruka. Sasa, ndege wenyewe wamo tayari ndani ya klarineti, ala ya kupuliza inayoiga milio yao! Nikaoneshwe tena wa nini?

Lakini hilo ningelisamehe. Sehemu ya tatu ni ya klarineti peke yake. Kuna noti ndefu inayoanza kwa udogo ambao huwezi kusema imeanza lini, kisha inavimba taratibu mpaka inajaza ukumbi. Projekta ilikuwa imening'inizwa juu ya safu ya tatu, na kufikia hapo ilishapata moto. Feni yake ikaanza kuvuma. Nilimwona mpigaji amekaza midomo, mashavu yametulia, nikajua tayari anapuliza. Nilichokisikia ni feni tu. Noti ilipojitokeza ilikuwa imeshafika nusu ya safari. Na dawa yake si ngumu: projekta ikae ndani ya kibanda cha mafundi, nyuma ya kioo, au izimwe kabisa katika sehemu hiyo.

Kipindi cha kwanza nakipa nyota tano. Cha pili mbili, na zote mbili ni za wapigaji.

Watu walipokuwa wakitoka nilimfuata fundi wa projekta, fundi kwa fundi, nikamuuliza kama alikuwa akiusikia ule mvumo.

"Mvumo gani, kaka?" akasema, huku akivua hedifoni.