Kifurushi cha kufungia chambo cha jodari: uzi safi, ndoana hovyo

Mimi ni fundi cherehani, Chang'ombe hapa Dodoma. Wateja wakiona vichambo vya manyoya (ndoana zilizofungwa nywele kwa uzi zifanane na dagaa) vinaning'inia juu ya cherehani wanacheka: Mgogo na jodari wapi na wapi? Lakini shemeji yangu ni mvuvi Kilindoni, Mafia. Mgeni mmoja alimwachia fimbo ya kuvulia namba 12, ile ya samaki wakubwa, na mshipi wake mnene. Mshipi huo ndio unaorushwa na kukibeba chambo, maana manyoya peke yake hayana uzito wa kwenda popote. Chambo chenyewe hakuwa nacho. Akanipigia: "Shemeji, wewe si una mkono wa uzi?"

Nikaagiza kifurushi mtandaoni kwa shilingi 65,000, kikaja na basi hadi stendi ya Nanenane. Ndani kuna ndoana 10, rili mbili za uzi, nywele nyeupe na za kijani, nyuzi za kumetameta, macho ya kubandika na gundi.

Uzi nausifu bila kinyongo. Nimeukaza mpaka ndoana ikapinda kwenye jiliwa, uzi haukukatika (ndoana kupinda hapo ilipaswa kunishtua, sikushtuka). Nywele nazo ni ndefu, zimenyooka. Niliwahi kujaribu za mbuzi wa Hombolo, fupi na zinajikunja. Kosa langu la kwanza lilikuwa kujaza. Chambo kikawa kama ufagio, kwenye beseni kinaelea tu. Nikafumua. Chukua nywele chache, nyeupe chini, kijani juu, urefu wa dagaa, na ukae mbali na tundu la ndoana. Gundi inakauka polepole na inanuka, ila ikishashika imeshika. Macho yalianza kubanduka siku ya pili, nikayapaka gundi juu.

Nikapanda SGR hadi Dar, basi hadi Nyamisati, boti hadi Kilindoni. Asubuhi tukawaona ndege wanapiga mbizi juu ya kundi la jodari. Shemeji hakuwapitia katikati. Alizunguka, akazima injini mbele ya kundi, akaniambia nibane fimbo kwapani nivute mshipi kwa mikono yote miwili. "Haraka, shemeji! Dagaa anayekimbia kifo hatembei hivyo!"

Jodari wa kwanza alikula, mshipi ukanichoma vidole, kisha ukalegea. Ndoana ilikuwa imenyooka kama sindano ya magunia. Wa pili vilevile. Shemeji akaitazama ile ndoana, akaitazama sura yangu, akanyamaza. Afadhali angecheka.

Usiku nikafumua vichambo vinne vilivyobaki, nikafunga nywele zilezile kwa uzi uleule kwenye ndoana za shemeji, nene, za chuma cha pua, saizi 2/0. Kesho yake tukapandisha mmoja mwenye mapezi ya njano, kilo saba kwenye mizani ya soko. Kichwa cha chambo kilikuwa kimetafunwa, lakini uzi haukufumuka hata mzunguko mmoja.

Kwa hiyo kama unavulia perege Mtera, kifurushi kinakutosha kabisa. Kwa jodari, nunua kwa ajili ya uzi na nywele, ndoana tafuta kwa wavuvi wenyewe. Muuzaji nilimtumia picha ya ile iliyonyooka, akajibu kwa kidole gumba. Nane zilizobaki nimezipigilia ukutani, zinashika mikasi na futi vizuri sana.