Uzoefu wangu: kampa ya HiAce kutoka yadi ya Mombasa, sasa iko Malindi

Nimenunua kampa ya HiAce, yaani gari lenye kitanda na jiko ndani, eksi-Japani, kwenye yadi moja Mombasa na sasa iko hapa Malindi inatembea vizuri tu alhamdulillah. Naandika yote kwa sababu nilipokuwa natafuta habari za kampa kwa Kiswahili sikupata kitu, kila ukitafuta unaletewa mambo ya Ulaya, magari makubwa yenye stelingi kushoto ambayo huku kwetu kusajili ni shida. Jina la yadi silitaji, nataka tuongee gari.

Kwanza kwa nini kampa. Mamangu ana kisukari na Lamu haachi kwenda, Maulidi ikifika lazima awe pale msikiti wa Riyadha hata kama miguu imevimba. Sasa mtu wa kisukari anahitaji choo mara kwa mara na barabara ya kutoka Garsen kupitia Witu mpaka Mokowe mwaijua, vituo vyenye choo cha maana ni vichache, na ndani ya basi mama mtu mzima hawezi kila saa kumwita kondakta amwambie simama. Anajizuia maji njia nzima asiende haja, na hilo daktari amemkataza. Hapo ndipo mimi na mume wangu tukasema basi, ile pesa tuliyokuwa tumeweka ya gari ndogo tuongeze tuchukue kitu chenye kitanda na choo.

HiAce tuliichagua kwa sababu moja kubwa, zile gari za abiria, matatu. Kila mahali kuna matatu ya HiAce kwa hivyo hata ikikufia Gongoni au Minjila utapata mtu anayeijua na spea haikosi. Injini kwa hivyo sitaiongelea sana, mwende na makanika wenu, iwashwe ikiwa baridi, muangalie moshi, muendeshe mpaka ipate moto, basi.

Kilichonifanya niandike ni ile sehemu ya nyuma. Jamani watu wa yadi wanajua gari, lakini nyumba iliyo ndani ya gari hawaijui kabisa na wala si kwamba wanakudanganya, wao wenyewe hawajui, gari imeshuka melini na vitu vyake wakaipangusa vumbi wakaiweka bei. Makanika wa kawaida naye atalala chini aangalie difu na shoki, hatagusa kabati wala feni ya paa. Sisi tulienda na shemeji yangu ambaye ni fundi wa maboti, yale ya watalii wanaovua samaki wakubwa hapa Malindi, na ninawaambia kwa moyo wote mtu akitaka kukagua kampa atafute fundi wa boti. Boti na kampa ni kitu kimoja, faibaglasi, betri ya volti 12, pampu ya maji, tangi, waya zimepita mahali pabaya, na maji kila siku yanatafuta pa kuingilia.

Haya, umeme. Ubavuni mwa gari kuna kifuniko kidogo, ukikifungua mna pini za kuchomeka umeme wa nje ili ukiwa umeegesha uchaji betri na utumie maikrowevu. Kijana wa yadi, mwenye heshima zake sana, akaja na ekstensheni mkononi, "dada ngoja nikuoneshe kila kitu chafanya kazi," anataka kuchomeka ukutani. Shemeji akamzuia, "Subiri kwanza kaka." Akawasha tochi ya simu akasoma kikaratasi kilichobandikwa pale, Kijapani kitupu isipokuwa herufi moja mbili na AC100V. Umeme wa Japani ni volti 100, wetu sisi ni 240. Angechomeka pale maikrowevu imekwisha, chaja ya betri imekwisha, na Mungu atuepushe pengine na moto pia. Kijana alishtuka wallahi, akasema kuna nyingine wiki iliyopita walichomeka ikatoa moshi wakadhani ni waya mbovu.

Kwa hivyo mkinunua kampa ya Japani mjue hilo mapema muliweke kwenye hesabu. Njia ni mbili, ama ununue transfoma ya kushusha umeme, na kwa maikrowevu lazima iwe kubwa maana inakula zaidi ya wati elfu moja na transfoma ya hivyo ni nzito na inatoa joto, ama ung'oe vitu vya 100V uweke vya kwetu. Sisi tuling'oa maikrowevu tukaweka rafu, chaja tukabadilisha tukaweka ya 240, na taa, pampu na friji havikuguswa kwa sababu vyenyewe ni vya volti 12 vinakula kwenye betri. Friji ni ndogo lakini insulini ya mama inakaa humo na ndiyo niliyokuwa naitaka.

Sasa maji, na hapa ndipo tulipokaa sana. Nikaomba gari ipelekwe pale wanapooshea, meneja hakutaka, akasema imeoshwa jana. Nikamwambia simaanishi kuosha, nataka kumwagia paa maji nusu saa na mimi niko ndani. Mwishowe akakubali. Paipu isiwe ya presha, iwe ya kumiminika tu polepole juu ya paa hasa pale vitu vilipotobolewa, feni, sola, antena. Nikajifungia ndani na tochi. Mwanzo hakuna kitu, mpaka nikaanza kuona aibu kwa wale vijana wanaoshika paipu juani. Kisha kwenye kona ya feni ya paa pakaanza kuwa na doa, likakolea, likajikusanya tone, tone likatambaa kwenye ukingo wa kabati likafika kwenye skrubu likaning'inia hapo kidogo kisha likaanguka kwenye godoro. Nikabonyeza plaiwudi ya kabati kwa kidole gumba ikabonyea, imeshaoza ndani ila karatasi ya juu bado inang'aa. Meneja alipoitwa akasema hilo ni jasho la AC. AC ilikuwa imezimwa tangu asubuhi na gari yenyewe haijawashwa, kila mtu pale ameona.

Hapo bei ikaongea upya. Walikuwa wametaja milioni tatu na nusu na hawataki kushuka hata elfu kumi, baada ya lile tone wakashusha laki moja na nusu. Walitaka pia kutuzibia wenyewe kwa silikoni ya bafuni, shemeji akakataa katakata, akasema silikoni ile ikishapakwa haitoki yote na gundi nyingine yoyote haishiki juu yake, sasa kazi yako itakuwa kukwangua. Alipofika Malindi alifungua feni yote, akasafisha mpaka faibaglasi ikawa nyeupe, akaweka ile gundi ya maboti, na plaiwudi iliyooza tukaikata tukaweka mpya. Mvua imeshanyesha kubwa tu na godoro ni kavu.

Matairi nayo. Yalikuwa na meno mazuri hadi yanapendeza, lakini ubavuni mwa tairi kuna namba nne ndani ya kiduara, mbili za kwanza ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka, yetu ilisomeka 2816 yaani wiki ya 28 ya mwaka 2016. Kampa zinakaa zimeegeshwa sana kwa hivyo tairi linazeeka kabla halijalika, na huku gari imebeba vitanda, kabati, maji na watu muda wote. Ukikunja kidogo ubavu unaona nyufa. Nilisema bila matairi mapya silipi dipoziti na nikasimamia hapo hapo, wakaweka manne. Hilo nawapongeza.

Chini ya gari lazima mtu alale aangalie kutu, tena hasa kama ni four-wheel. Nyingi za four-wheel zinatoka upande wa baridi wa Japani ambako barabara zinamwagiwa chumvi kuyeyusha theluji, na chumvi ile inakula chesisi kimyakimya. Halafu uilete Malindi kwenye upepo wa bahari! Yetu ilikuwa na kutu ya juujuu tu, tumepiga dawa ya chini na kila tukitoka ufukweni tunaiosha chini kwa maji matamu, si juu peke yake.

Karatasi hazikunisumbua. Ombeni cheti cha kutoka Japani kwa sababu kina kilomita zilizoandikwa huko mulinganishe na dashibodi, cheti cha ukaguzi, na mhakikishe mwaka wa usajili wa kwanza maana sheria yetu ni isizidi miaka minane inapoingia. Logbuku ikaja kwa jina langu kupitia akaunti yangu ya eCitizen, ule mtandao wa huduma za serikali. Bima ndiyo iliyochelewa, wengi hawajui waiweke wapi, wengine wanataka kuiandika kama matatu, kaeni imara mpaka iandikwe kitu inachofanya kweli na mambo ya ndani, friji, sola, kabati, yatajwe kwenye thamani.

Matumizi sasa. Hita iliyokuja nayo ni ya baridi ya kwao, Malindi haina kazi hata siku moja, tumeitoa tukapata pa kuweka viatu. AC ya nyuma inafanya kazi injini ikiwa inanguruma tu, ukizima usiku ni joto, kwa hivyo feni ya paa na nyavu za mbu madirishani ni muhimu kuliko mapambo yote waliyonionesha yadi. Jiko lake lilikuwa la vile vikopo vidogo vya gesi. Mtungi wa kilo sita sikuuweka ndani ingawa fundi mmoja alitaka kunifungia, gesi ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia sakafuni, na kama hakuna tundu la kutokea ni hatari kwa watu wanaolala. Tunapikia nje. Kuegesha, tafuta mkwaju au mwembe, mnazi hapana, nazi moja ikishuka sola na paa vyote vimekwenda.

Choo tulinunua kile cha kubeba, cha dawa, kinakaa chini ya kiti cha pembeni na pazia lake. Safari ya kwanza ya Mokowe mama alikunywa maji njia nzima. Tulipopita Witu alikuwa amelala kabisa, miguu juu, haijavimba. Gari tuliiacha Mokowe kwenye maegesho ya kulipia tukavuka na boti, huko kisiwani gari ya nini. Tumeshalala nayo pia Marafa, na mbuga ya Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala, ambako barabara ya kutoka Malindi ni lami na KWS, wasimamizi wa mbuga, wanatoza gari kwa idadi ya viti, kwa hivyo viti vichache vya kampa vinasaidia.

Gari naipa nne na nusu kwa tano. Yadi naipa tatu, heshima wanayo, matairi waliweka, pesa waliyoahidi kushusha walishusha, lakini lile neno la jasho la AC halikunipendeza hata kidogo kwa mtu anayekwenda kumlaza mamake chini ya paa hilo. Na ufunguo wa pili bado hawajanipa, wanasema uko kwenye bahasha ofisini, kila nikipiga simu meneja hayupo. Nimewaandikia barua na nakala ya mkataba ambao unasema wazi funguo mbili, nikiupata ntawaambia hapa hapa.