Android App Links: uzoefu wangu kwenye programu za mauzo, Mbeya na Iringa

Kwa programu ya mauzo inayolenga wateja wa Mwanjelwa, Mafinga au Njombe, linki nyingi zinapita WhatsApp. Muuzaji anatupia bidhaa kwenye grupu, mteja anagusa, na inapaswa kufunguka programu kwenye ukurasa wa bidhaa ileile. Hapo ndipo skimu (mwanzo wa anwani, kabla ya ://) ya kujitungia, kama sokoni://bidhaa/mchele, inaposhindwa mapema kabisa: WhatsApp haiigeuzi kuwa linki, inabaki maandishi tu. Linki ya https inagusika. Hii ndiyo sababu ya kwanza ya mimi kuhamia App Links, na mpaka sasa sijaona sababu ya kurudi nyuma.

App Links ilikuja na Android 6.0. Kazi yake ni kuunganisha tovuti yako na programu yako kwa uthibitisho wa pande mbili: programu inataja tovuti kwenye manifesti (faili la AndroidManifest.xml linaloieleza programu kwa simu), na tovuti inaitaja programu kwenye faili la assetlinks.json. Pande zote zikikubaliana, simu inafungua programu moja kwa moja bila kuuliza. Ni bure. Unachohitaji ni domeni yenye https na uwezo wa kuweka faili moja kwenye seva. Ubaya wake mkubwa ni ukimya: ikishindwa haitoi ujumbe wowote wa kosa, linki inafunguka kwenye brauza na mteja anadhani ndivyo ilivyotengenezwa. Tangu Android 12 ukimya huo umezidi, maana kile kidirisha cha kuuliza "ufungue kwa brauza au kwa programu" hakitokei tena kwa linki za wavuti zisizothibitishwa. Uthibitisho ukikosekana, brauza inachukua.

Kwenye manifesti, kichujio (intent-filter, kinachosema programu inapokea linki zipi) kinachofanya kazi ni hiki, soko.example ikiwa domeni ya mfano:

<intent-filter android:autoVerify="true">
  <action android:name="android.intent.action.VIEW" />
  <category android:name="android.intent.category.DEFAULT" />
  <category android:name="android.intent.category.BROWSABLE" />
  <data android:scheme="https" android:host="soko.example" android:pathPrefix="/bidhaa" />
</intent-filter>

Ukiondoa BROWSABLE, brauza haiwezi kuifikia programu. Ukiondoa DEFAULT, wito usiotaja jina la programu hauifikii. Activity yenyewe (skrini ya programu inayopokea linki) iwe na android:exported="true", maana programu inayolenga Android 12 kwenda juu haisakiniki bila exported kutajwa wazi penye kichujio. Jambo linalowapiga chenga wengi ni kuchanganya skimu yao na https ndani ya kichujio kimoja. Android haisomi mistari ya data kama jozi, inachanganya kila skimu na kila hosti (jina la tovuti kwenye anwani), kwa hiyo unajikuta umejiandikisha kwa anwani ambazo hukuzikusudia. Skimu yako ipe kichujio chake, bila autoVerify. Na pathPrefix ya "/bidhaa" inanasa pia "/bidhaazilizoisha". Ukitaka iishie pale, andika "/bidhaa/".

Upande wa tovuti, faili linakaa hapa tu: https://soko.example/.well-known/assetlinks.json. Kwenye hosting za bei nafuu ambazo wengi wetu tunatumia, folda inayoanza na nukta imefichwa kwenye kidhibiti cha mafaili, hivyo washa kwanza uonyeshaji wa mafaili yaliyofichwa. Kisha lipime kwa amri hii, wala usitegemee macho kwenye brauza:

curl -I https://soko.example/.well-known/assetlinks.json

Jibu liwe 200, na Content-Type iwe application/json. Ukiona 301 au 302 umeshakwama, kwa sababu uthibitisho haufuati uelekezaji. Tovuti za WordPress zinapenda kumsukuma kila mgeni kutoka soko.example kwenda www.soko.example. Hizo kwa Android ni hosti mbili tofauti. Unayoiandika kwenye manifesti ndiyo itoe faili moja kwa moja, na kama unazitaja zote mbili, kila moja iwe na faili lake. Kwenye Android 11 na za chini, hosti moja ikifeli zinaangushwa zote. Kuanzia Android 12 kila hosti inahukumiwa kivyake. Kwa hiyo usiache kwenye manifesti domeni ya majaribio ambayo seva yake ilishazimwa, maana simu za zamani, ambazo huku bado ni nyingi, zitaikataa hata ile nzima.

Kuna mtego mwingine ambao hauonekani ukiwa umekaa Mbeya. Faili linafunguka vizuri kwenye simu yako, unaridhika. Lakini kwenye simu zenye huduma za Google, anayelisoma ni seva za Google, siyo simu ya mteja. Kinga ya tovuti inayozuia roboti, au inayoruhusu wageni wa Tanzania pekee, itamrudishia Google ukurasa wa 403 (umekatazwa) huku wewe ukiona kila kitu kiko sawa. Pima kwa macho ya Google mwenyewe, fungua anwani hii:

https://digitalassetlinks.googleapis.com/v1/statements:list?source.web.site=https://soko.example&relation=delegate_permission/common.handle_all_urls

Ikirudisha jina la programu na alama ya SHA-256 (namba inayotambulisha sahihi iliyosaini programu), tovuti imepita. Ikirudisha kosa, soma maelezo yake yote. Mara nyingi linataja waziwazi kama ni uelekezaji au aina ya faili.

Sasa kuhusu SHA-256, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo saa nyingi za watengenezaji zinapopotelea. Programu moja inaweza kuwa na sahihi tatu. Ya kwanza ni ya majaribio, ambayo kila kompyuta ina yake, hivyo ya mwenzako aliyeko Iringa siyo yako. Ya pili ni ya ufunguo wa kupandishia, unaotumia kutuma programu Play Console (tovuti ya Google ya kusimamia programu za Play Store). Ya tatu ni ile ambayo Google inasaini nayo kabla ya kumpelekea mteja. Programu zote mpya za Play Store tangu Agosti 2021 zinapita njia hiyo ya tatu. Mtu akichukua alama kwenye kompyuta yake kwa keytool (zana ya kusoma funguo) na kuiweka kwenye faili, kila kitu kitakubali mezani kwake na kukataa kwa kila aliyepakua Play Store. Alama sahihi ya wateja ichukue Play Console, kwenye ukurasa wa kusaini programu. Faili linaruhusu orodha, kwa hiyo weka zote unazozihitaji:

[{
  "relation": ["delegate_permission/common.handle_all_urls"],
  "target": {
    "namespace": "android_app",
    "package_name": "tz.soko.programu",
    "sha256_cert_fingerprints": ["AB:12:...", "CD:34:..."]
  }
}]

Huku kwetu kuna njia ya ziada ya kusambaza: watu wanarushiana APK (faili la kusakinishia programu) simu kwa simu ili kuokoa bando. APK iliyotoka kwenye simu iliyopakua Play Store inabeba sahihi ya Google. APK uliyomtumia wakala wako kutoka kwenye kompyuta inabeba sahihi yako. Kama zote zinazunguka sokoni, zote ziwe kwenye faili. Kumbuka pia kwamba uthibitisho unahitaji intaneti. Mtu aliyesakinisha data ikiwa imezimwa anaweza kubaki na programu isiyothibitishwa. Mwelekeze aifute na kuisakinisha upya data ikiwa imewashwa, au aende kwenye mipangilio ya simu, achague programu, aingie sehemu ya kufungua kwa chaguomsingi na kuongeza linki mwenyewe.

Amri ninazozithamini kuliko zote ni hizi mbili zinazoenda pamoja, kwenye Android 12 na kuendelea, kupitia adb (zana ya kuituma simu amri kutoka kwenye kompyuta):

adb shell pm verify-app-links --re-verify tz.soko.programu
adb shell pm get-app-links tz.soko.programu

Baada ya ya kwanza subiri kama dakika moja. Ya pili inakupa mstari wa Signatures, na chini yake hali ya kila hosti. Wengi wanaruka mstari wa Signatures wakati jibu liko pale: hiyo ndiyo alama halisi ya programu iliyomo kwenye simu hiyo. Ilinganishe na ya kwenye faili herufi kwa herufi. Hali ikiwa verified, umemaliza. Ikiwa none, bado hakuna kilichoandikwa, subiri au angalia intaneti. Ukiona 1024 au namba kubwa zaidi, ni kosa kutoka kwa mthibitishaji, na sehemu za kuanzia ni seva na alama.

Kujaribu linki yenyewe:

adb shell "am start -W -a android.intent.action.VIEW -c android.intent.category.BROWSABLE -d 'https://soko.example/bidhaa/mchele?kilo=25&chanzo=whatsapp'"

Nukuu za nje na za ndani hapo zina kazi. Bila zile za ndani, shell ya simu (inayosoma amri) inakata anwani kwenye alama ya &, na programu inapokea kilo=25 pekee. Mtu anaanza kuusaka msimbo wake usio na kosa lolote. Mpangilio huu unakubali Windows na Linux. Usiongeze jina la programu mwishoni mwa amri unapopima App Links, maana ukilitaja unaruka uthibitisho mzima na jibu halikwambii kitu kuhusu simu ya mteja. Kuandika anwani kwenye Chrome na kubonyeza ingia pia si kipimo, kwa kuwa Chrome haifungui programu kwa anwani iliyoandikwa kwa mkono. Jitumie linki WhatsApp, uiguse.

Linki ikishafika ndani, kuna makosa ya usomaji. Kwenye https://soko.example/bidhaa/mchele, njia ni bidhaa kisha mchele. Kwenye sokoni://bidhaa/mchele, neno bidhaa linasomwa kama hosti na njia inabaki mchele tu. Ukitumia msimbo mmoja kusoma zote mbili, moja itapotea. Jina la skimu liandike kwa herufi ndogo, lianze na herufi, na lisiwe na mstari wa chini. Namba za simu ziangalie sana: simu=+255... ikisomwa na getQueryParameter (msimbo wa Android wa kusoma vilivyo baada ya alama ya ?), ile + inageuka nafasi tupu. Iandike %2B255. Na programu ikifunguka vizuri inapokuwa imezimwa lakini ikaganda kwenye ukurasa wa zamani inapokuwa nyuma, activity yako ya singleTask au singleTop (inayotumia tena skrini iliyopo) inapokea linki mpya kupitia onNewIntent, mahali ambapo hujaweka kitu. Wanaotumia Flutter kuanzia 3.27 wajue kwamba usomaji wa linki wa Flutter wenyewe umewashwa tangu mwanzo. Kama unatumia kifurushi kingine kama app_links, weka flutter_deeplinking_enabled kuwa false kwenye manifesti, la sivyo vinagombania linki moja.

Skimu ya kujitungia sijaitupa. Inafaa ukurasa wako wa wavuti unapotaka kufungua programu kwa kitufe, na hapo njia iliyo imara ndani ya Chrome ni intent:

intent://bidhaa/mchele#Intent;scheme=sokoni;package=tz.soko.programu;S.browser_fallback_url=https%3A%2F%2Fsoko.example%2Fbidhaa%2Fmchele;end

Asiye na programu anapelekwa kwenye ukurasa wa kawaida. Iwe ni kitufe anachogusa mtu. JavaScript inayojirusha yenyewe baada ya sekunde kadhaa inazuiwa. Ndani ya WebView yako (brauza ndogo iliyomo kwenye programu), skimu hiyohiyo italeta ERR_UNKNOWN_URL_SCHEME mpaka uishughulikie kwenye shouldOverrideUrlLoading. Usipitishe humo tokeni wala namba ya siri ya muda, kwa kuwa programu yoyote inaweza kujiandikisha kwa skimu ileile. Bei nayo isitoke kwenye linki. Linki ibebe kitambulisho cha bidhaa, bei itoke kwenye seva.

Waliokuwa wanategemea Firebase Dynamic Links, huduma ya linki ya Google, wameshaachwa: ilifungwa tarehe 25 Agosti 2025, na linki zake za page.link, pamoja na QR zilizokwisha chapishwa kwenye mifuko na mabango, hazifunguki tena. Hili ndilo linalonifanya nisisitize domeni yako mwenyewe kwenye kila kinachochapishwa. App Links haina uwezo wa kumkumbuka mteja ambaye bado hajasakinisha. Pengo hilo kwa Android linazibwa na Play Install Referrer: linki ya Play Store inaongezewa &referrer=bidhaa%3Dmchele, na programu inaisoma mara moja inapofunguliwa kwanza. Taarifa hiyo inakaa siku 90.

Kwa iPhone, mwenzake ni Universal Links, na faili ni apple-app-site-association bila .json mwishoni. Kuanzia iOS 14 simu haiji kwenye seva yako, inalichukua kwenye hifadhi ya Apple, hivyo mabadiliko ya asubuhi yanaweza yasionekane hadi kesho yake. Angalia kilichohifadhiwa kwa kufungua app-site-association.cdn-apple.com/a/v1/ ikifuatiwa na domeni yako, kabla hujaanza kugusa msimbo.